Mpiga Litungu na Mkono wa Mkamwana

Habari ya kifo chake nimeipata kwa simu, kutoka kwa mtu niliyemfundisha kusoma na ambaye sasa ni babu. "Shikamoo, mwalimu. Yule mzee wetu wa litungu ametutoka. Tunazika Jumamosi, hapahapa Itiryo." Nilimwambia nitakuja. Wasomaji wangu wa siku nyingi mmeona jinsi safu hii ilivyogeuka kuwa ya matanga, na mwandishi wake amechoka kuliko mnavyodhani. Lakini huyu siwezi kumpita, maana nilimkosea na sikuwahi kumwambia.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu kijana kutoka kusini, nimepangiwa shule ya msingi huko Tarime, nina Kiswahili kingi na Kikurya cha kuombea maji ya kunywa tu. Ikaagizwa kila kijiji kiwe na kikundi cha sanaa, na kwa kuwa mwalimu alidhaniwa anajua kila kitu, nikakabidhiwa mimi. Marehemu alikuwa mwangalizi wa josho la ng'ombe. Alikuja mazoezini ananuka dawa ya kupe, akaketi pembeni na litungu lake la nyuzi nane, akatusindikiza. Katika mchezo hakuwa na hata neno moja la kusema, lakini alikuwa ameshika maneno ya kila mtu. Mwigizaji akisahau, yeye alimkumbusha bila kuinua macho kwenye nyuzi.

Mchezo niliutunga mwenyewe na niliuonea fahari. Mume mbishi hataki kwenda shamba la kijiji. Mke anambembeleza, anamkemea, mpaka mwisho mume analainika, anamshika mkono mbele ya watu wote, wanakwenda kulima. Tukachaguliwa kwenda tamasha la mkoa, Musoma. Siku tatu kabla ya safari, aliyeigiza mume alivuka mpaka kwenda Kenya kumzika mjomba wake, hakurudi. Nikamwambia mpiga litungu ashike nafasi yake. Akaweka litungu chini. "Mwalimu, huyu mama anayeigiza mke ni mkamwana wangu." Nikacheka, kwa sababu alichelewa kuoa na mtoto wake mkubwa nilikuwa namfundisha darasa la pili. "Mkamwana umempata wapi wewe?" Akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba yule mwanamke ameolewa na mtoto wa mwanarika wake, mtu waliyetahiriwa pamoja, na mtoto wa mwanarika ni mtoto wako. Mke wa mtoto wako humpi mkono, humkazii macho, hukai naye benchi moja. Mwanamke mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, ametugeuzia mgongo.

"Ni mchezo tu," nikasema. "Na mambo kama hayo ndiyo yanayoturudisha nyuma." Mwenyekiti wa kijiji, Mkurya kama wao, alitazama chini, akasema lori limeshapatikana na jina la kijiji limeshapelekwa. Ndipo yule bwana akaomba kitu kimoja. "Basi tushike jembe, mwalimu. Yeye ashike mpini huku, mimi huku. Watu wataelewa." Kweli wangeelewa. Lilikuwa wazo zuri kuliko langu, na nadhani nililikataa kwa sababu hiyohiyo. Nilimwambia mkono ndio mchezo wenyewe.

Huko Musoma alicheza vizuri. Alimsemesha mke wake wa mchezo huku akiutazama mtungi, akilitazama paa, na ukumbi ukacheka ukidhani ndio ubishi wa mume. Ilipofika mwisho, akasimama, mikono ameifunga nyuma. Nilikuwa pembeni ya jukwaa, nikamnong'oneza, "Mkono." Akaushika. Ukumbi ulipiga makofi, isipokuwa safu mbili za watu wa kwetu waliokuja kututazama. Baadhi yao wakatoka nje. Tulipewa nafasi ya pili. Wakati wa kurudi hakuna aliyeimba kwenye lori, na yeye alikaa nyuma kabisa, litungu amelifunika kwa koti.

Kijijini wanarika wake waliutoa mrija wake kwenye chungu cha pombe. Wazee wa huko walikunywa chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na hapo ndipo yalipozungumzwa ya ng'ombe, ya mahari na ya mashamba. Asiye na mrija hakuwa na neno. Yule mama alirudishwa kwao kwa muda. Mvua mbili zilipita kabla kondoo hajachinjwa na mambo kusawazishwa. Kwangu hakuna aliyekuja kulalamika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mpiga litungu aliendelea kunisalimu kila asubuhi akienda joshoni, ila kikundini hakurudi tena. Cheti cha nafasi ya pili nilikitundika ukutani, kisha nikahamishwa.

Siikani kazi ya miaka ile. Tulifundisha watu wazima kusoma, tulichimba vyoo, tulilala njaa pamoja nao. Lakini tuliamini kwamba tusichokijua hakipo. Siku hizi nawaona vijana wakishuka vijijini na miradi yao na haraka ileile, na ninachoka kabla hawajafungua mdomo.

Jumamosi nilifika. Jeneza lilikuwa wazi uani na watu wakipita kumuaga. Nje ya ua, nyuma ya minyaa, alisimama bibi mmoja peke yake, amegeuka upande. "Shikamoo, mwalimu," akasema, na nikamtambua kwa sauti, ileile ya jukwaani. Nikaona uchungu kumkuta amesimama mbali namna ile, nikamwambia, bila kufikiri, kama nilivyozoea maisha yangu yote, "Njoo tumuage, mama. Ameshakufa sasa." Hakugeuka.

"Ulishanituma kwake mara moja, mwalimu. Inatosha."

Sikwenda kwenye jeneza. Nilisimama naye palepale mpaka udongo ulipokwisha kurudishwa, na msamaha niliokuja kuuomba nikarudi nao. Somo nililolipata ni dogo na limechelewa: mtu akikuomba jembe badala ya mkono, mpe jembe.