Kulipa Watu Wangojee Msitu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, maana nilidhani mtu aliyemaliza masomo ya agronomia hukaa ofisini. Ofisi yetu ilikuwa Bukavu, upande wa Nguba, nyumba ndogo inayotazama ziwa. Mkurugenzi, ambaye wote tulimwita Papa Directeur, aliitazama miguu yangu, akanipakia kwenye jeep mpaka Kavumu, kwenye pepinieri ya mradi, yaani kitalu cha miche. Nilishinda nikijaza udongo ndani ya vifuko vya plastiki pamoja na wanawake wa kijiji, peku. Tulipokuwa tunarudi mjini ndipo alipozungumza.

"Maman Ingénieur," aliniambia, ingawa nilikuwa bado msichana wa nyumbani kwa baba, "kupanda muti iko mwepesi. Kazi yako wewe iko kumuomba mwenye shamba angojee muti ambayo yeye mwenyewe hatapasua mbao yake."

Leo ninyi vijana mnasikia habari za kaboni redioni mpaka mnachoka. Wakati ule neno lilikuwa geni kwetu. Kulikuwa na watu Ulaya waliokuwa tayari kutoa pesa ili miti mikubwa ya zamani irudi kwenye milima ya watu binafsi. Miti hiyo huvuta ile hewa chafu ya viwanda na magari na kuifungia ndani ya mbao zake, na mti wa mbao ngumu huishi sana, kwa hiyo hewa hiyo hukaa imefungwa muda mrefu. Tena walitaka ndege na wanyama wapate pa kupita kutoka msitu mmoja kwenda mwingine. Mwenye shamba aliyekubali kutuachia mteremko wake mkali alilipwa kila mwaka, baada ya sisi kupita na kuona kwamba miti ingali imesimama. Watu wa vijijini walicheka. Walisema wazungu wamemaliza kununua dhahabu na kahawa, sasa wananunua upepo.

Kavumu nilifanya kazi chini ya chef de pépinière, mkuu wa kitalu, Tonton Déo, mwanaume mrefu aliyewahi kuwa katekista na aliyeipigia miche kelele kama watoto wa shule. Kwake nilijifunza kwa mikono yale niliyokuwa nimeyaandika kwenye mitihani. Mbegu ya libuyu, ule mti mkubwa wa mbao ngumu, ina bawa, huruka mbali na mama yake wakati wa kiangazi, na haivumilii kungoja: usipoiotesha upesi, imekufa. Mche wake nao hautaki jua kali, kwa hiyo juu ya vitalu tulitandaza paa la majani ya kangaga. Mlimani tulitanguliza miti inayokua haraka ili itoe kivuli, kisha chini yake tukaweka libuyu, podo na muhumbahumba, ule ambao gome lake wazee wanachemsha kwa dawa. Mwaka uliofuata tulirudi kujaza mapengo ya ile iliyokufa. Mtu asiyerudi kujaza mapengo, Tonton Déo alisema, hajapanda, ametupa miche.

Kisha Papa Directeur akanituma Nyantende, niwe mwenye kusimamia wakulima wa huko. Wa kwanza kukubali alikuwa Muzee Cirhuza. Mlima wake aliupata baba yake kwa kalinzi: kwetu Bushi, mtu humpa chifu ng'ombe na kupewa ardhi, yeye na uzao wake. Chini alilima maharage na migomba. Juu palikuwa pamechoka, mvua inashuka na udongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: nikifa, mtamlipa nani? Nilimjibu kwamba mkataba utamfuata mrithi wake. Mrithi mwenyewe, Bahati, kijana mwenye mke na watoto wawili, alikuwa amesimama mlangoni akisikia, na hakufurahi. Yeye alitaka mikaratusi, iuzwe upesi, apate mtaji wa kwenda kuchimba dhahabu Luhwindja. Baba yake alimwambia kwamba atapanda mikaratusi siku mlima utakapokuwa wake.

Miti ilishika. Ilikuwa imepita urefu wa mtu wakati wakimbizi walipovuka mpaka kwa wingi, na kila kilichoweza kuwaka moto kikapata mnunuzi. Milima yote ya jirani ilikuwa ikifuka moshi wa makala, yaani mkaa. Baadaye vita vyenyewe vikaingia Bukavu. Ofisi iliporwa mpaka milango, jeep ilichukuliwa, na wafadhili wakasimamisha kila kitu. Papa Directeur alikuja kuniaga nyumbani, mke wake na watoto wakimsubiri barabarani na mizigo kichwani, kwa sababu walikuwa wanaondoka kwa miguu kuelekea magharibi. Sijasahau aliyoniambia.

"Usikufe juu ya miti, maman. Lakini kama ungali muzima, pita uwaone wale batu."

Nilipita. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenilipa. Risasi zilipotulia nilipanda Nyantende, nikamkuta Muzee Cirhuza ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, na nikamweleza wazi kwamba malipo yamesimama na sijui yatarudi lini. Sheria ya mkataba ilimpa haki ya kukata. Bahati alishika panga palepale. Mzee hakunyanyuka.

"Siye tulikubali kungojea," alisema. "Hatukukubali kungojea wakati wa amani tu."

Maneno yake yalinitia nguvu na kunitia deni, kwa sababu nilijua kwamba ngazini pale aliketi na njaa. Nilishuka Kavumu kumtafuta Tonton Déo. Pepinieri ilikuwa imekanyagwa, ila yeye alikuwepo, akiokota vifuko vilivyosalia. Tuliamua kwamba, kama pesa haipo, msitu wenyewe uanze kulipa. Alijua kuchonga mizinga ya nyuki. Tuliitundika kwenye miti ya kivuli ya Nyantende, na maua ya mlimani yakatoa asali ambayo Bahati mwenyewe aliibeba sokoni Bukavu na kurudi na chumvi, sabuni na karo ya watoto. Haikutosha. Ilisaidia tu mtu asikate leo.

Vita vya pili vilipokuja, askari walipiga kambi chini ya kile kilima. Siku moja asubuhi mke wa Bahati alifika kwangu mbio: wanajeshi wamepanda na mashoka, kamanda wao anataka miti ya kujengea vibanda. Nilikwenda. Kamanda alikuwa kijana mwenye macho mekundu, anasema Kilingala na wenzake na Kiswahili na sisi. Tayari podo mbili zilikuwa chini. Muzee Cirhuza alikuwa amesimama mbele ya ile ya tatu, mikono nyuma.

Nilimsalimia kamanda kwa heshima na kumwambia ukweli. Miti ile ilikuwa michanga, imepinda, mibichi. Kibanda atakachojenga nayo kitamwangukia. Kama anataka nguzo zilizonyooka, nilijua zilipo.

"Ziko kwa nani?" aliuliza.

"Ziko zangu."

Ilikuwa kweli. Baba yangu aliniachia shamba la mikaratusi karibu na hapo, ambalo mimi na mume wangu tulikuwa tumelihesabia kujenga nyumba yetu. Kamanda akaita watu wake. Niliwatangulia mimi mwenyewe. Walikata siku ile na zilizofuata, mpaka pakabaki visiki. Mume wangu, mwalimu, alikuja akasimama kando yangu akitazama. Nilimngoja akasirike. Aliniuliza tu kama ile miti mingine imepona. Nilimwambia imepona, na tuliendelea kupanga chumba kwa miaka mingi.

Muzee Cirhuza hakuuona mwisho wa vita. Homa ilimchukua wakati dawa hazikupatikana kituoni. Nilikaa matanga na wanawake wa nyumba ile, na sikufungua kinywa kuhusu miti, maana kuna mahali ambapo kazi hunyamaza. Baada ya matanga Bahati alinifuata mpaka kwangu. Alisema mlima sasa ni wake, kama baba yake alivyomuahidi. Alisema amekwisha kupata mtu wa kumuuzia makala, na safari ya Luhwindja imepangwa. Nilimuuliza kwa nini basi amekuja kwangu.

"Sababu ile siku askari walipanda," alisema, "miye nilikimbia. Papa alibakia. Na wewe ulikuya. Sasa niambie, maman, miye nikate namna gani?"

Nilimwambia sina pesa ya kumpa, na kwamba sitamlaumu akikata. Aliondoka bila kuaga. Luhwindja alikwenda, na alirudi baada ya misimu michache, amekonda, bila dhahabu. Ila kabla ya kwenda alikuwa amemwachia mke wake mizinga na panga, na panga lilikuwa la kufyekea njia ya moto tu, ile inayozuia moto usifike kwenye miti.

Vita vilipopoa walikuja wafadhili wengine, na mkurugenzi mpya, mwanamke kutoka Kinshasa, akanifanya chef d'antenne, yaani msimamizi wa tawi zima la Bukavu. Alitaka kuona kwa macho yake kilichosalia. Milima mingi tuliyoipanda zamani ilikuwa imebaki nyasi. Tulipofika Nyantende alizungusha utepe kwenye shina la libuyu kupima unene wake, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akauliza ni nani aliyelipwa kuilinda muda wote huo. Nilimwonyesha Bahati, nikamwambia hakulipwa. Mkataba mpya uliandikwa kwa majina mawili, lake na la mke wake, kwa ombi langu, na malipo yakaanza tena. Tonton Déo alipata pepinieri mpya na kuzifokea mbegu mpaka nguvu zilipomwishia.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza kama ilifaa, kulipa watu kwa kitu kisicholiwa. Mimi huwajibu kwamba malipo yalimfanya mtu aanze, lakini hakuna fedha niliyoiona ikimsimamisha mzee mbele ya shoka. Anayetaka kuifanya kazi hii leo aandae fedha, ndiyo, na zifike kwa wakati. Lakini aandae pia miguu ya kurudi.

Juma lililopita wanawake wa Nyantende walinijia nyumbani na malalamiko. Kima wamehamia msituni kwa Bahati, wanashuka kuvunja mahindi yao, na kijiji kinaitisha kikao. Walisema ni nyama zangu, yaani wanyama wangu, kwa hiyo nije nijibu. Niliwakaribisha chai, nikawasikiliza mpaka mwisho, nikaona wana haki: mahindi yao lazima yalipwe. Kesho ninapanda Nyantende kusema hivyo mbele ya watu wa mradi. Na kabla ya kikao nitapita juu kwanza, maana hao kima sijawahi kuwaona.