Upana wa Yordani

Mama alipotuambia anakwenda Nchi Takatifu kwa meli, nilicheka, nikaomba chumvi. Tulikuwa tunakula, katika nyumba yetu ya kupanga Kabiria, nami nilikuwa nimetoka kazini mjini, vidole vinaniuma kwa kupiga taipu. Mama alikuwa yaya kwa bibi mmoja wa kizungu, mtaa wa Lavington. Yaya huenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni. Meli ya nini?

"Si mzaha," akasema. "Memsab anaenda na watu wa kanisa yao. Miguu yake imeharibika, anataka mtu wa kumshika. Amesema ni mimi."

Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne, ninayeandika barua za wakubwa, nilikuwa sijafika hata Mombasa. Sasa mama yangu, aliyejua kusoma Biblia ya lugha yetu na si kingine, apande ndege Embakasi mpaka Ugiriki, kisha meli, akaone Efeso na Patmo na Kupro, na mwisho Yordani! Niliona wivu, nasema wazi.

Baba hakucheka wala hakuona wivu. Alikuwa amelala kwenye kochi, tumbo limemvimba. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na maneno ya upole ambayo sote tuliyaelewa. Alikuwa fundi wa mbao Riruta, mtu wa maneno machache, na kufa hakukumwogopesha. Aliogopa mto. Alipokuwa mdogo kule kwetu magharibi, Nzoia ulifurika ukamchukua kaka yake huku yeye akitazama, na tangu hapo hata mfereji wa mvua aliuzunguka. Sasa mchungaji wetu alikuwa amehubiri kwamba kila mtu atavuka Yordani peke yake, mawimbi yakimfika shingoni, na mwenye imani haba atapelekwa na maji. Mchungaji alikuwa anapamba mahubiri tu, lakini Baba aliyameza mazima. Hofu ilikuwa inammaliza kuliko ugonjwa.

"Ukifika huko," alimwambia Mama, "angalia huo mto. Angalia vizuri, Mama Watoto, halafu uniambie ukweli."

Mama akaahidi, akaenda. Aliporudi, majuma kadhaa baadaye, alikuwa amekonda na hakutaka kusimulia chochote.

"Nitasema Jumapili," alisema, "mbele ya watu wote."

Baba akakubali kungoja. Kwetu ushuhuda haukuwa hadithi za kupitisha wakati. Aliyesimama kushuhudia alikuwa amesimama mbele za Mungu, na Baba aliuamini ushuhuda kuliko kiapo cha mahakamani. Aliyepotoka katikati ya maneno alikuwa na dawa yake: mtu alianzisha wimbo, kanisa zima likadakia, naye akaketi taratibu bila kuaibishwa. Sikuwa nimewahi kuona mtu aliyeimbiwa akabaki amesimama.

Jumapili ile kanisa la mabati lilijaa mpaka mlangoni. Baba tulimbeba juu ya kiti, tukamweka mbele kabisa. Mama akasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!"

"Wapendwa, Efeso ni mawe tupu, watu walishahama. Lakini vyoo vyao viko mpaka leo, nimeviona na macho yangu. Vya mawe, mashimo yamepangwa laini moja, wazee walikuwa wanakaa hapo bega kwa bega wakipiga stori."

Wanawake walishika midomo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Tuambie Yordani, mama," mchungaji akasema haraka. "Yordani!"

"Yordani ni kamto."

Watu wakageukiana.

"Kamto tu, wapendwa. Nzoia ni baba yake. Mimi nilikunja rinda nikaingia, maji ikafika hapa." Akainama, akagusa goti. "Mtu akiwa ng'ambo mnasalimiana bila kupiga kelele."

Lo! Mzee mmoja wa kanisa aliinuka, akaketi, akainuka tena. Nyimbo zetu zote za mazishi zilipita Yordani, na mahubiri ya miaka mingi yalikuwa yameogelea humo, kisha yaya wa Lavington anasimama kuukausha! Mchungaji mwenyewe ndiye aliyeanzisha wimbo, kwa sauti ya kupasua bati, na kanisa likadakia. Mama hakuketi. Alikunja mikono mpaka beti zote zikaisha. Wakaanzisha wa pili. Bado amesimama. Ulipoisha, alitupa mgongo sisi sote, akamgeukia Baba.

"Baba Watoto, hata wewe usiyejua kuogelea unavuka. Pole pole tu. Mawe ya chini haitelezi."

Wazee wa kanisa walimtoa katika uongozi wa akina mama, na mchungaji akaacha kupita kwetu. Nilimkasirikia sana Mama. "Ungesema ni mkubwa ungepungukiwa nini?" nilimfokea. Lakini Baba alianza kunywa uji. Alicheka vile vyoo vya Efeso mpaka akashika tumbo. Kila mara alimwita Mama amuulize jambo lile lile.

"Ni goti yako ama yangu?"

"Yangu. Wewe ni mrefu, kwako itakuwa chini ya goti."

Asubuhi aliyofariki, aliniomba nimkunjie suruali. Nikadhani anahisi joto. "Juu kidogo," akasema, "ipite goti." Nilimkunjia, miguu yote miwili, kisha nikatoka nje nikalia.

Tulimzika nyumbani magharibi, tukarudi Kabiria. Siku moja Mama alikuwa anachagua maharagwe, nami nikamwambia kwamba Mungu akinijalia nitafika Yordani, nisimame pale pale aliposimama yeye. Hakuinua kichwa.

"Hapo sipajui," akasema.

"Wapi?"

"Yordani. Hiyo siku wengine walipanda basi. Memsab alikuwa anatapika, nikabaki kwa meli nikimshikia beseni. Sikushuka."

Nilimkodolea macho. Huyu ni mama ambaye hakuwahi kudanganya hata bei ya nyanya. Alikuwa amesimama mbele za Mungu na watu, akaimbiwa nyimbo mbili nzima, akapoteza heshima yake yote, kwa mto ambao hakuuona!

"Na kama ni mkubwa, Mama? Kama kweli una mawimbi?"

Alitoa jiwe katika maharagwe, akalitupa nje.

"Basi sasa ameshaujua," akasema. "Lakini aliingia bila kuogopa."