Sauti Niliyoiacha Ngarenaro

Mimi na rafiki yangu tulianza kuimba pamoja tukiwa darasa la kipaimara, katika usharika wetu wa Kilutheri huko juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza, yeye sauti ya pili. Mwalimu wa kwaya alitutenganisha kwenye benchi kwa sababu ya kucheka, lakini wimbo ukianza alitusogeza tena pamoja, maana kila mmoja peke yake alikuwa wa kawaida tu. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba sikuibiwa na mgeni. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliivaa tangu utotoni.

Tulishuka mjini, tukapanga chumba Kaloleni, tukampata kijana wa kupiga kinanda na kutengeneza midundo. Huyo ndiye akawa prodyuza wetu, na sisi tukawa kundi la watu watatu. Studio yake ilikuwa Ngarenaro, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, na kila tulipotaka kurekodi ilibidi tuwabembeleze mafundi wazime grainda zao. Tulihangaika sana, mpaka wimbo mmoja ukashika. Ukawa kwenye redio, kwenye harusi, kwenye simu za bodaboda wa Sombetini.

Umaarufu wa mji wetu ni kichekesho. Unapigwa picha ukiwa na ndoo ya maji kichwani, halafu aliyekupiga anakwenda zake wala hakusaidii kuitua. Mama mmoja sokoni alinikumbatia akatokwa na machozi, kisha akanifungia nyanya zilizooza. Nilikuwa nalalamika sana, lakini ukweli ni kwamba nilipenda. Nilipenda kumsikia mtoto wa jirani akiimba kipande changu huku akifua, na kukwama pale ninapopanda juu. Nilijua kuna kitu kimoja duniani ambacho ni changu.

Jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui, au wanalijua na halijawanyima usingizi, ni pleibeki. Kwenye kumbi nyingi hamuimbi. Wimbo unachezwa kutoka kwenye flashi ukiwa na sauti zenu zote, na ninyi mnashika maiki zilizozimwa, mnacheza na kufumbua midomo. Mimi niliyelelewa na kwaya niliona ni uhuni mtupu. Prodyuza alinicheka.

"Sauti ya studio haipati mafua," alisema.

Nikazoea. Mtu huzoea mambo mengi akishangiliwa.

Kisha mama akateleza kwenye migomba baada ya mvua, akavunjika nyonga. Kaka zangu wana familia zao mbali, mimi ni binti wa mwisho na sijaolewa, na kwetu suala la nani amuuguze mama halihitaji kikao. Niliwaambia wenzangu kwamba nitakaa nyumbani mpaka mama asimame. Prodyuza akakuna kichwa, kwa sababu tulikuwa na nyimbo mpya ambazo hazijarekodiwa na maonyesho tuliyokwisha kuyakubali. Rafiki yangu ndiye aliyepata dawa.

"Imba zote kabla hujaondoka," aliniambia. "Sisi tutacheza wawili, wewe utasikika. Nafasi yako hakuna wa kuigusa."

Nikaimba kutwa, tukisimama kila grainda zilipoanza kulia. Niliimba vipande vyangu, nikaimba viitikio, nikarudia kila mahali ambapo pumzi haikukaa vizuri. Nilitaka wasipungukiwe na kitu. Ni mwanamuziki wa pleibeki peke yake anayeweza kufanya kosa la namna hii, kuwaaga wenzake na kuwaachia sauti. Mkulima akisafiri anaweza kumwazima jirani jembe, lakini hamwachii na mikono.

Mwanzoni rafiki yangu alipiga simu kila jioni. Baadaye ikawa Jumapili kwa Jumapili. Baadaye akawa ananitumia vichekesho tu, vile ambavyo mtu huwatumia watu wote kwa mkupuo. Siku moja nampikia mama mtori wa ndizi, binti wa jirani akaja na simu yake akifurahi. "Dada, mmeongeza mchezaji!"

Kwenye video walikuwa watatu. Yule wa katikati, binti mzuri mwenye nywele fupi, alifumbua mdomo, na ikatoka sauti yangu. Niliirudia ile video mpaka mtori ukaungua.

Nilipompigia rafiki yangu, alipokea kwa uchangamfu.

"Ni wa muda tu," alisema. "Watu wawili jukwaani wanaonekana kama wamepotea njia."

"Mbona anaimba kipande changu?"

"Haimbi. Anafumbua mdomo tu."

Alilisema hilo kama mtu anayetoa faraja. Tangu siku hiyo hakupokea tena simu zangu. Niliumia, na kwa kuwa sikuwa na wa kumfokea, niliwafokea kuku wa mama kwa miezi.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Kwetu siku hiyo kila mtu hupeleka kanisani alichojaliwa: jogoo, mayai, kahawa, mkungu wa ndizi. Baada ya ibada vitu vyote hunadiwa uwanjani. Ukinunua kitu unaweza kumtunuku mtu mwingine, na huyo aliyetunukiwa anaweza kukipokea au kukirudisha mnadani kiuzwe tena, kanisa lizidi kufaidi. Mwaka huo usharika uliwaalika vijana wake waliotoka kimuziki, yaani kundi letu. Rafiki yangu hakuweza kukataa mwaliko wa nyumbani. Nadhani hakuogopa pia, kwa sababu alinijua vizuri. Alijua kwamba kwetu watu hawagombani kwenye uwanja wa kanisa.

Mama aling'ang'ania kwenda. Alikuwa ameanza kutembea kwa gongo, na mkungu wake ulitangulia kwenye toroli. Tulikaa kwenye viti vya mbele, pamoja na wazee. Wakaja wale watatu, wakafunga spika kwenye nyasi, muziki ukaanza. Watu walipiga makofi kwa kufuata mdundo. Mama alimtazama yule binti, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Sauti ni yako," aliniambia kwa Kimeru. "Mbona mdomo si wako?"

Nilitamani ardhi inimeze, nami sikuwa nimemkosea mtu.

Mnada ulipoanza, rafiki yangu aliupigania mkungu wa mama mpaka akaupata. Akachukua maiki, sasa ikiwa imewashwa. "Namtunuku dada yangu wa kipaimara," alisema, "anayemuuguza mama yetu. Mungu ambariki sana." Hakusema neno hata moja kuhusu kuimba. Watu wakapiga vigelegele, naye akaja na tabasamu lake la zamani, akanikabidhi maiki.

Ningeweza kusema yote pale pale. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani. Lakini mama alikuwa ameweka mkono juu ya goti langu, na mkono wa mtu anayejifunza kutembea upya ni mzito.

"Nashukuru," nikasema. "Ila mkungu wa mama yangu sitatunukiwa na mtu mwingine. Naurudisha mnadani."

Wakashangilia zaidi, wakidhani ni ukarimu. Rafiki yangu aliielewa kila silabi. Alirudi walikosimama wenzake bila kugeuka.

Aliyekuja kwetu ni yule binti. Alikuja taratibu, akinitazama mdomoni. Akapiga goti mbele ya mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akanigeukia mimi, akaongea kwa kunong'ona. Sauti yake mwenyewe ilikuwa nzito, ya chini, nzuri kwa namna yake.

"Dada, ulipoongea nimekujua. Naisikiliza sauti yako kila siku ili nisikosee. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Macho yake yakajaa maji. "Niliwauliza kwa nini mwenyewe haimbi. Nisingekubali hii kazi bila kujua. Wakaniambia umefariki."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Kabla ya kila onyesho tunashikana mikono," akasema, "tunakuombea upumzike kwa amani."

"Anayeongoza sala ni nani?"

Aligeuza uso tu kumtazama rafiki yangu, ambaye wakati huo alikuwa amezungukwa na wanakwaya, anapiga nao picha.

Mama hakuwa amesikia. Alinivuta mkono, akauliza binti wa watu analia nini.

"Anatupa pole, mama," nikamjibu.