Nzi Aliyenipeleka Lamadi

Sisi tuliokulia Kasoli bila simu wala televisheni, michezo yetu tuliiokota zizini. Nzi walikuwepo wa kutosha: kwenye vibuyu vya maziwa, kwenye michembe ya viazi iliyoanikwa mwambani, mpaka kwenye kope za ndama. Mama yetu, tuliyemwita mayu, alikuwa akitugombeza, "Mnashika nzi, halafu mkono huohuo kwenye ugali."

Dada yangu Minza ndiye aliyenifundisha kumtambua nzi dume na jike. Unamnasa kwa kiganja, unambana mabawa taratibu, unamtazama usoni. Dume macho yake yamesogeleana, karibu yagusane. Jike yameachana, katikati pana nafasi. Tena jike huwa mnene, na tumbo lake limechongoka nyuma. Ubishi wetu wote tuliumaliza hivyo: mmoja anakamata, mwenzake anataja dume au jike, kisha aliyekamata anasoma macho na kutangaza; aliyetaja akipatia, ameshinda. Hakuna kukata rufaa. Watoto wa siku hizi wangegoma mpaka waone video.

Siku moja baba alikuwa anakwenda Lamadi, kando ya ziwa, kwa baiskeli, na kiti cha nyuma kilikuwa kimoja. "Malizaneni wenyewe," akasema. Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona ziwa, na mimi nililitaka mpaka chakula kikawa hakipiti. Minza akakamata nzi. Nikasema dume. Akamtazama kwa muda, akamwachia.

"Dume," akasema. "Haya, panda."

Nikapanda. Niliona maji yasiyo na ng'ambo, nikala sato mzima peke yangu. Minza alibaki akipalilia pamba.

Mwezi uliopita alikuja kunitembelea hapa Bariadi mjini. Binti yangu alikuwa amempiga picha nzi mezani kwa simu, akaikuza mpaka macho yakajaa kwenye kioo. Nikamwita dada aje asome kama zamani. Akavaa miwani, akainama.

"Yameachana," akasema. "Jike. Kama yule wa Lamadi."

Nikabaki na kikombe mkononi. Siku ile nilisema dume. Nilitaka kumwuliza, lakini alishainuka kufunika chakula. Simu ya binti yangu inamwonyesha kila mtu kila kitu. Enzi zetu aliyeshika nzi ndiye aliyeona, na dada yangu aliona, akaniambia nipande.