Kituo cha Afya Kilichokwisha Kujengwa

Nilikuwa naripoti siasa katika redio moja ya Bujumbura, na kila nilipopita ofisi ya komine, serikali ya eneo letu, nilisimama kusoma ubao wa matangazo. Wenzangu walinicheka. Siku moja nikakuta hati imebandikwa pale: kituo cha afya cha Mutakura kimekamilika, kimekaguliwa na kupokelewa. Chini kulikuwa na muhuri na saini ya mkurugenzi wa ofisi ile. Nikaipiga picha kwa simu, nikapanda basi kwenda kuwauliza wagonjwa wanahudumiwaje.

Kwenye kiwanja kilichotajwa kwa nambari katika hati nilikuta shamba la lengalenga, mchicha wa huku. Mama mmoja alikuwa anapalilia.

"Shikamoo, mama. Natafuta dispanseri."

"We unaumwa?"

"Hapana. Natafuta jengo lenyewe."

"Hapa apana jengo. Hapa ni mboga. Kama unaumwa, enda Kamenge, ku hospitali."

Nilimsomea hati. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama hilo jengo lina choo. Nikatazama kwenye hati. Lilikuwa nacho.

"Ni vizuri," akasema, akarudi kwenye jembe lake.

Niliwauliza majirani, nikaenda ofisi ya ardhi kuhakikisha hakuna kiwanja kingine chenye nambari ile. Hakikuwepo. Iliyobaki ilikuwa kumsikia mkurugenzi, ambaye alikuwa likizo nyumbani kwake Kiriri. Nilimwambia mhariri ninakokwenda, ili nisiporudi ajue pa kuanzia kunitafuta.

Mkurugenzi alinikaribisha kwa chai. Akaiangalia picha kwenye simu yangu kwa makini.

"Saini ni yangu," akasema.

"Mheshimiwa, jengo halipo."

"Madamu, uliingia mtaani kwa njia gani?"

"Kwa upande wa soko."

"Ndiyo maana."

Akasema atanipeleka mwenyewe. Kwenye gari lake nilikaa nimeshika kitasa cha mlango njia nzima. Yeye alinionyesha mandhari ya ziwa, akanieleza faida za hewa ya mlimani. Tulipofika alishuka, akasimama mbele ya lengalenga na viatu vyake vinang'aa.

"Msingi uko chini," akasema.

Yule mama aliinua kichwa. "Chini apana kitu, shefu. Mi ndiyo nalima."

Nikamuuliza mkurugenzi kama naweza kurekodi maneno yake. Akarekebisha tai yake na kuyarudia, safari hii kwa Kifaransa.

Habari ikaenda hewani asubuhi. Nilifurahi, nikarudi Mutakura kusikia watu wanasemaje. Kando ya shamba nilikuta akina mama wamekaa kwenye nyasi, wamebeba mgongoni watoto wenye homa. Walikuwa wamesikia redioni kwamba kituo cha afya kimekamilika. Maneno yaliyofuata, kwamba jengo halipo, yalipotelea kwenye kelele za soko. Mwenye shamba alikuwa anawaelekeza Kamenge, mmoja baada ya mwingine, na sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

"We ndiyo umewaita," akaniambia.

Niliona aibu, nikawasindikiza hadi kituo cha basi, nikiwa nimembeba mtoto wa mmoja wao, ambaye alinitapikia begani.

Baada ya wiki kadhaa mkurugenzi alihamishiwa ofisi nyingine, kubwa kuliko ile. Muuguzi aliletwa Mutakura, kwa kuwa kwenye makaratasi kituo kilikuwepo na hakikuwa na mfanyakazi. Alifika na koti jeupe na sanduku la dawa. Akatazama mboga, akaazima kiti kwa jirani, akafunga turubai na kuanza kupima watoto. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi alikotoka, alisema watu walikuwa wameshapanga mstari.

Kuta za kituo zilianza kupanda pale shambani kiangazi kile. Ofisi ikabandika tangazo kwamba ujenzi umeanza, nami nikalisoma hewani kama lilivyo, bila kuongeza neno. Yule mama amehamishia mboga zake ng'ambo ya mtaro, mahali penye kivuli kupita kiasi. Ananiuzia kama wateja wengine, ila hanisalimii mpaka nianze mimi.