Nilivyoua saa ya reli ya Kijapani wiki ambayo mama mkwe anasafiri (Sydney, enzi za lockdown)

Wakuu, heshima zenu.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi humu, nakula nyuzi za wenzangu na kuondoka bila hata kuaga. Leo na mimi naleta sahani yangu. Niseme mapema kwamba hakuna chai, yaani uongo, kwenye uzi huu. Chai pekee mtakayoikuta ni ile ya tangawizi aliyokuwa anapika mama mkwe wangu, na hiyo niliinywa kweli.

Tuanze taratibu ili asipotee mtu.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, naishi Toongabbie, Sydney ya magharibi. Mke wangu ni Mnyamwezi wa Tabora, nesi. Mimi niko IT support. Yaani kutwa napokea simu za watu ambao computer zao zimegoma, nawauliza kwa upole, "Umehakikisha waya umeingia vizuri?" Hilo swali lishikeni, tutakutana nalo mbele.

Mapema 2020 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, Neema. Mama yake akaja kutoka Tabora kumsaidia. Mpango ulikuwa akae miezi mitatu arudi zake.

Kilichofuata mnakijua. Mipaka ikafungwa, ndege zikafutwa, na mama mkwe akabaki na sisi kwenye unit ya vyumba viwili.

Sasa kwa ambao hawajaoa kwetu, niwaeleweshe kidogo.

Kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa zamani, mkwe ni mkwe. Mimi na mama mkwe hatuli meza moja. Hatuangaliani usoni. Hatupeani kitu mkono kwa mkono, unakiweka chini na yeye anakiokota. Kijijini, kwenye uwanja mpana wenye nyumba tatu, hilo linawezekana kabisa. Kwenye unit ambayo jiko na sebule ni kitu kimoja, ni sarakasi. Nikitoka chumbani yeye anageukia dirishani. Akitoka yeye, mimi ghafla napata kazi ya kuchunguza friji.

Na mke wangu yuko hospitali kwenye shift, lockdown imekaza, mimi nafanya kazi nyumbani. Kwa hiyo mchana kutwa tuko watatu: mimi, mama mkwe na Neema.

Neema ndiye akawa ofisi ya posta.

Mama anambeba, anamwambia, "Neema, mwambie baba yako chai inapoa."

Na mimi nalijibu toto la miezi minne, "Neema, mwambie bibi asante, nakuja."

Tuliishi hivyo, wakuu. Mtoto alikuwa hajaota jino lakini keshakuwa mkalimani.

Haya, sasa tuje kwenye saa.

Kabla ya lockdown nilikuwa nimepata ugonjwa wa kukusanya saa za mfukoni za reli za Japani. Ya kwanza niliiokota sokoni Fairfield, Jumamosi moja, kwenye meza ya vijiko na mikufu. Nilikuwa na rafiki yangu Mkongomani, Papa Espoir. Akaishika, akaipindua, akasema, "Papa, hii ni montre ya padri. Wewe utasoma misa wapi?"

Nikainunua hivyo hivyo. Nikaipenda hadi leo.

Niwaeleze uzuri wake. Saa hizi zilitengenezwa kwa ajili ya madereva na magadi (wale guard) wa treni. Uso mweupe, namba kubwa nyeusi ambazo hata babu bila miwani anazisoma. Chini pale kwenye sita kuna kauso kadogo ka sekunde. Juu kabisa, penye kumi na mbili, kuna kile kichwa unachozungusha kuitia ufunguo. Hakuna betri. Unaijaza kila asubuhi kwa kidole, inatembea siku nzima.

Dereva akiingia kwenye treni anaitoa mfukoni na kuiweka kwenye kitundu cha duara mbele yake, kilichokatwa kwa kipimo chake. Saa na treni vinasafiri pamoja.

Halafu pindua mgongoni. Nyingi zimechongwa mwaka zilipoanza kazi, kwa hesabu ya mfalme wao. Ukiona 47 usidhani ni 1947. Unajumlisha na 1925, unapata 1972. Siku nilipojua kusoma migongo ya saa nilitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyefundishwa siri ya serikali.

Wakati wa lockdown nilikuwa nazo tatu, zote za zamani zaidi ya hiyo 1972. Kila asubuhi kabla ya simu za kazini nazijaza, nazipanga mezani, nazisikiliza. Nilidhani mama mkwe ananiona chizi.

Siku moja nazijaza, nikasikia nyuma yangu:

"Neema, mwambie baba yako babu yako alikuwa nayo kama hiyo."

Nikaacha kujaza.

Baba mkwe, marehemu, sikuwahi kumkuta. Nilijua tu alifanya kazi reli. Siku hiyo mama akamsimulia Neema, na mimi nikasikiliza nikiangalia ukuta. Kwamba babu alikuwa gadi wa treni, wakiishi kota za reli Tabora. Kwamba kila asubuhi baada ya chai aliijaza saa, akaiweka sikioni, akaigandamiza kichwani kwa kidole gumba, ndipo akaitia mfukoni na kutoka. Ilikuwa saa ya ofisi. Alipostaafu akairudisha.

"Basi, Neema," akasema, "mwezi mzima babu yako akimaliza chai mkono unakwenda mfukoni. Unakuta hakuna kitu. Anajifanya anatafuta kitambaa."

Akacheka. Mimi nikaingia bafuni kunawa uso.

Jioni mke wangu aliporudi nikamwambia: mama haondoki nchi hii bila saa ya reli. Nikamuuliza wazazi walioana mwaka gani. Akasema 1972.

Wakuu, nilianza kuwinda.

Nikaingia kwenye minada ya online ya Japani, natafuta mgongo wenye 47. Natafsiri maelezo kwa computer, inaniletea maneno kama "saa hii ina hali ya huzuni nzuri." Wiki zinakwenda. Napata 38, napata 41, napata moja yenye 47 lakini uso umepasuka kama chapati. Mke wangu akitoka shift, kabla hajavua viatu ananiuliza, "Amepatikana bwana harusi?"

Akapatikana. 47 safi, uso haujaguswa. Nilipiga kelele hadi Neema akaamka, nikasikia sauti kutoka chumbani, "Neema, mwulize baba yako kama ni nyoka."

Shida ikawa kusafiri. Parcel za ndege zilikuwa zinasuasua kipindi kile, ikaja kwa meli. Nikawa naifuatilia kwenye tracking kama mtu anayefuatilia matokeo ya mtihani wa taifa. Na huku mama mkwe tiketi yake inafutwa, anapewa nyingine, inafutwa tena. Zikawa zinashindana. Kila akipewa tarehe mpya mimi nakimbilia tracking, ikifutwa nasikitika kwa mdomo na kushukuru moyoni. Mungu anisamehe.

Hatimaye tiketi ikathibitishwa kabisa. Ijumaa asubuhi anaondoka.

Alhamisi mchana mlango ukagongwa. Parcel.

Niliifungua chumbani nimejifungia. Matabaka matatu ya plastiki ya mapovu, kijiboksi, na ndani bwana harusi mwenyewe. Nikaijaza mizunguko michache. Tiki tiki tiki, sauti nzito, safi, tofauti na zile zangu tatu. Nilicheka peke yangu.

Nikataka kuiwekea saa sahihi. Nikavuta kile kichwa juu, kama nivutavyo kwenye zote.

Kimya.

Mshale wa sekunde ukaganda palepale. Hapo tuelewane. Zile saa zangu tatu ukivuta kichwa unageuza mishale, lakini sekunde zinaendelea kutembea kama kawaida. Hii ilikufa mara moja, mkononi mwangu.

Na sheria ya kwanza ya wakusanyaji ni hii: saa ikisimama ghafla mkononi, usilazimishe chochote. Iache kama ilivyo umpelekee fundi. Kifaa kimoja kilichovunjika ukikizungusha kinavunja vingine vitano. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Nikaiweka mezani taratibu kama yai, sikuigusa tena kichwani.

Fundi gani sasa? Maduka yamefungwa, safari ni kesho.

Mke wangu aliporudi alinikuta nimekaa kitandani. Nikamwonyesha.

"Imekufa lini?"

"Mchana. Mimi ndiye niliyeiua."

Akakaa pembeni yangu. Nilitegemea anifariji. Akasema, "Mume wangu, imesafiri bahari yote hiyo, ikakuona wewe, ikakata roho." Akacheka mpaka akalala chali. Halafu akafuta machozi akasema, "Mpe hivyo hivyo. Mama atavunjika moyo zaidi asipoiona kabisa."

Ijumaa asubuhi. Masanduku mlangoni, mama amevaa koti na kilemba cha safari, barakoa shingoni, Neema mgongoni kwa mara ya mwisho. Mimi nikaja na kijiboksi. Kwa desturi, nikakiweka mezani, nikarudi nyuma, nikaangalia sakafu.

Nikaanza hotuba. Kwa Neema, bila shaka.

"Neema, mwambie bibi hiyo ni saa ya reli. Mgongoni ina mwaka alioolewa. Mwambie baba anaomba radhi, ilikuwa inatembea, imeharibika jana. Mwambie akifika Tabora atafute fundi."

Nikasikia kijiboksi kinafunguliwa. Nikainua macho kidogo, kinyume cha desturi.

Alikuwa ameipindua, anapapasa mgongo kwa kidole. Akaigeuza. Akaiweka sikioni, akasikiliza saa isiyo na sauti. Halafu akafanya kile alichokiona kila asubuhi ya ndoa yake. Akaigandamiza kichwani kwa kidole gumba.

Tak.

Tiki tiki tiki tiki.

Mama mkwe akageuka, akaniangalia usoni. Usoni kabisa, wakuu, kwa mara ya kwanza tangu nipose kwao.

"Mkwe," akasema, "inatembea."

"Inatembea?"

"Si nakwambia inatembea. Njoo usikilize."

Sijui nilifikaje pale. Nakumbuka tu sikio langu liko kwenye mkono wa mama mkwe, Neema anavuta nywele zangu, na sisi wawili tunarukaruka katikati ya masanduku kama timu imefunga dakika ya mwisho. Mke wangu akatoka bafuni na mswaki mdomoni. Akatuangalia. Akarudi bafuni akafunga mlango.

Airport alikwenda ameishika mkononi njia nzima. Tulipopita chini ya daraja la reli, treni ikapita juu yetu. Akaangalia saa, akaitikia kwa kichwa kama mtu wa kazi.

Baadaye nilisoma nikaelewa. Saa za toleo lile zilitengenezwa makusudi zisimame ukivuta kichwa juu, ili wafanyakazi wa treni waziachie zitembee pamoja, sekunde kwa sekunde, kabla ya safari. Haikuvunjika. Ilikuwa inasubiri nirudishe kichwa chini. Saa ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kuliko zangu zote, na mimi nimeishaifanyia matanga. Mtu ambaye kutwa nawauliza Waaustralia kama wamechomeka waya.

Mama alifika salama. Saa anakwenda nayo kanisani, anaiweka kwenye benchi mbele yake, uso juu. Anasema mahubiri yamekuwa mafupi, wala hajamwambia mchungaji neno.

Na Jumapili tunapigiana video. Yeye Tabora anavuta kichwa cha yake, mimi Toongabbie naangalia yangu, tunahesabu, anagandamiza. Masaa ni tofauti lakini dakika na sekunde tunakwenda sawa. Neema siku hizi anaongea, ila anajibu Kiingereza na hana mpango na sisi. Jumapili iliyopita yangu ilikuwa imebaki nyuma dakika nzima.

"Mkwe," akasema, "wewe ungeshaachwa stesheni."

Akanicheka mwenyewe, bila kupitia kwa mtoto.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Uangalifu ni mzuri, lakini kuna wakati kitu hakijavunjika, kinasubiri mkono usiokiogopa. Kabla hujatangaza msiba, bonyeza taratibu.

Mwenye saa ya babu imelala kwenye droo, aitoe leo, ailete picha ya mgongo wake hapa chini. Kama ni ya Kijapani nitamsomea mwaka. Na wenye wakwe wa kuongea kupitia mtoto, msiniache peke yangu kwenye uzi huu. Tiririkeni.