Mawe ya Rangi kwa Madam Kiti

Jina lake ni Eseza, lakini ukija Gurei, huku Juba, uulize Eseza, watu watakuangalia tu. Uliza Madam Kiti. Hata mtoto wa chekechea atakupeleka mpaka mlangoni.

Jina lilimpata siku ya kwanza ya kufungua hoteli yake ya chakula. Alikuwa ameagiza viti vya plastiki kutoka Kampala, vile vyeupe vyenye mikono, akavipanga nje kwenye uwanja. Alisema watu wa Juba wamechoka kula ndani ya mabati kama mikate kwenye oveni. Wakaja wateja wa kwanza, wanajeshi watatu na mwalimu mmoja, na yeye akakaa nao kidogo kuwaonyesha viti ni vya nguvu. Vilikuwa vya nguvu kweli. Alipoinuka, kiti kikainuka naye. Mikono ya kiti ilikuwa imemshika kiunoni, na Eseza si mtu mdogo, mnanielewa. Akajifanya hakuna kitu. Akaenda jikoni na kiti nyuma, akarudi na sahani za matoke na kiti nyuma, akawauliza, "Iko na mtu anataka chumvi?" Mwanajeshi mmoja alicheka mpaka akamwaga supu. Ikabidi mimi nivute kiti, na ndugu yake amvute yeye. Kufika jioni, alipoenda sokoni kununua nyanya, jina lilikuwa limeshafika kabla yake.

Mimi ni Keji, wa kahawa. Nimekulia Nakuru, tukarudi baada ya mkataba wa amani, CPA, kusainiwa, na pale kwa Eseza nina kona yangu ya jabana, lile birika la udongo la kahawa, na tangawizi. Kwa hiyo hii story sikusimuliwa na mtu. Wale wa kuandika hapa chini "chumvi imezidi" subirini kwanza nimalize.

Eseza ni mtu wa Masaka. Alikuja Juba na sufuria mbili, godoro moja, na mdogo wake Fulgensio, kijana wa miaka ishirini na mbili anayependa kupiga mluzi hata msibani. Mama yao hakutaka huyo kijana aje. Alimwambia Eseza kitu kimoja tu kwenye stendi ya basi: umemchukua, utamrudisha. Eseza alikuwa anatuambia hiyo kama utani, anaiga sauti ya mama yake, sisi tunacheka. Fulgensio alipata pikipiki akawa anabeba watu, na muda ukibaki anamsaidia dada yake.

Sasa ni mwezi wa nane, 2007. Mvua imenyesha vizuri, nyasi zimefika kifuani. Eseza akaona uwanja wake hauna mpaka, mbuzi na wateja wanaingia kwa njia moja. "Mimi nataka kompaundi iko na heshima," akasema. Ijumaa hiyo Fulgensio akaja na pikapu ya kukodi imejaa mawe. Na si mawe ya kawaida. Kila jiwe limepakwa rangi, nusu nyekundu, nusu nyeupe, safi kabisa.

"Umeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Huko njia ya mlimani. Mtu ameyapaka halafu ameyaacha kwenye nyasi, pole yake."

Eseza alifurahi kama mtu ameletewa sofa. Tukayapanga kuzunguka uwanja wote. Yeye ndiye aliamua: nyeupe iangalie barabara, nyekundu iangalie meza, "ili mtu akikula aone rangi." Mimi mwenyewe nilipanga kumi na moja, nikarudi nyuma kutazama, nikajisifu.

Jumamosi hakuingia mtu.

Tukasema labda mishahara bado. Lakini Jumapili ni siku yetu, watu wakitoka kanisani viti huwa havitoshi. Walikuja. Niliwaona wanakuja na nguo zao nzuri, wanafika kwenye mstari wa mawe, wanaangalia chini, wanasimama. Halafu wanageuka. Mama mmoja alimvuta mtoto wake kwa mkono mpaka kiatu kikabaki, na hakurudi kukichukua. Mwanajeshi anayekula kwetu kila siku alisimama barabarani akaniambia nimletee chakula hapo. Akala amesimama, haraka, macho yake yote kwenye miguu yangu. Nilipomkaribisha ndani aliniambia, "Nyinyi ni watu wagumu." Nikadhani ni sifa.

Yule mama wa chai upande wa pili alibeba jiko lake akahamia mbali. Watu wakipita wanapunguza sauti, wanatuangalia vile mtu anaangalia nyumba yenye mgonjwa wa kufa. Walioingia ni mbuzi tu. Na hakuna aliyetuambia kitu, kwa sababu kila mmoja alidhani sisi ndio tunajua.

Jumatatu Eseza alimwaga sufuria nzima ya maharagwe. Usiku hakulala, alikuwa anaomba. "Keji, mimi nimekosea nani hapa?" akaniuliza asubuhi. "Huyu wa hoteli ya chini ameniwekea kitu." Alinyunyiza maji ya baraka kwenye kila kiti. Jumanne ikawa vilevile, viti ishirini na nne vyeupe juani, na mimi na jabana yangu.

Halafu akapata wazo lake. "Tuongeze mawe. Hii kompaundi bado iko na sura ya maskini."

Fulgensio alikuwa anakula. "Yale ya barabarani nimemaliza," akasema. "Imebaki yale ya ng'ambo, upande wa mlima. Nitakatiza katikati, si mbali."

Akafuta mkono kwenye suruali, akachukua gunia, akaondoka anapiga mluzi. Ilikuwa saa nane mchana.

Labda nusu saa ilipita. Akaja mzee mmoja, jina lake Albino, ambaye alikuwa amesafiri wiki nzima. Albino alikuwa mwanajeshi, anachechemea mguu wa kushoto, Kiswahili chake alikipata hospitali ya Lokichogio, Kenya, alipolazwa wodi moja na Waturkana. Ni mteja wangu wa kwanza kila asubuhi. Siku hiyo alisimama nje ya mawe, kama wengine. Lakini yeye aliongea.

"Ya biniya, wewe msichana," akaniita, sauti ya chini. "Simama hapohapo. Nani amewaambia bomu ziko kwenu?"

"Bomu gani, uncle? Hapa kuna kahawa."

"Usitembee. Nijibu."

"Hakuna mtu ametuambia kitu. Ni mawe ya urembo."

Aliangalia mstari wote, pole pole, mpaka mwisho wake. "Haya mawe yanawekwa na watu wa kutegua mabomu," akasema. "Nyeupe inaangalia mtu. Nyekundu inaangalia bomu. Nyinyi mko ndani ya nyekundu, na mnapika."

Eseza alikuwa ametoka jikoni, amesikia. Na unajua alifanya nini? Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe ni hiyo tu? Banange, siku nne nafunga na kuomba, kumbe watu wanaogopa rangi? Keji, kuja tugeuze hii mawe. Mzee Albino, ingia, leo unakula bure."

Na mimi nilicheka. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Albino hakuingia. "Madam," akasema, "haya mawe yalitoka wapi?"

Eseza alifungua mdomo kumjibu. Niliona uso wake unabadilika kutoka juu kuja chini, kama mtu anamwagiwa maji. Alikuwa ameshaokota jiwe moja la kugeuza. Alilirudisha chini taratibu sana, kama ni yai.

Mimi ndiye nilimwambia Albino kwamba Fulgensio amerudi huko na gunia. Tulipanda boda mbili. Ya tatu Albino aliituma kwenye kambi ya watu wa kutegua, akamwambia dereva waje na vifaa, mtu yuko ndani.

Mahali penyewe ni dakika ishirini, njia ya mlimani. Pikipiki ya Fulgensio ilikuwa imeegeshwa pembeni ya barabara. Kulikuwa na nguzo ya kibao cha onyo imesimama bila kibao, mtu ameshang'oa mbao akapikie. Na mbele yetu ni nyasi tu, kijani, zinapepea vizuri, shamba kama shamba lingine. Ukiangalia chini ndiyo unaona: mashimo madogo yaliyopauka, moja baada ya lingine, pale mawe yalipokuwa yamekaa. Kama fizi zilizong'olewa meno.

Tukasikia mluzi. Alikuwa anarudi kwetu, katikati kabisa ya shamba, gunia begani. Hatua kama hamsini.

"Fulgensio," Albino akasema. Hakupiga kelele. "Simama. Hapohapo. Ule mguu usiushushe mbele, urudishe pale ulipotoka."

Fulgensio alitabasamu, akamwangalia dada yake ajue kama ni mchezo. Alipomwona dada yake, akarudisha mguu.

"Uko katikati ya mabomu," Albino akamwambia. "Watu wanakuja kukutoa. Wewe kazi yako ni kusimama."

Halafu sauti ndogo ikatoka kwenye nyasi. "Nimetembea hapa tayari."

"Najua."

"Naweza kuweka gunia chini? Ni zito."

"Usiweke kwenye ardhi. Lishushe pole pole juu ya miguu yako mwenyewe."

Alilishusha. Akasimama na mawe juu ya vidole vyake, miguuni ana ndala tu.

Saa moja ikapita. Jua lilikuwa la kuchoma. Eseza alikaa kwenye udongo wa barabara, pembeni ya pikipiki, akaanza kuongea naye Kiganda. Baadaye alinitafsiria. Hakumwambia maombi wala kwaheri. Alimuuliza kama anakumbuka ile ng'ombe yao iliyokula sketi ya shule. Alimuuliza ni msichana gani wa mtaa wa Hai Malakal anampelekea chapati za mayai akidhani dada yake haoni. Fulgensio anajibu neno moja, maneno mawili. Mara moja akasema miguu haisikii tena. Akayumba. Eseza alisimama na mguu wake ukaenda mbele kwenye nyasi bila yeye kujua, na Albino akamshika kwa nguo.

"Mama atakuuliza mimi niko wapi," Fulgensio akasema. Hiyo alisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Labda alitaka sisi sote tuisikie.

"Nyamaza usimame," dada yake akamjibu.

Watu wa kutegua walifika saa kumi na robo, kawaja mmoja, ndivyo tunavyoita mzungu, na vijana wanne wenye kofia za kioo. Mmoja alipiga magoti akaanza. Nilidhani watamfuata wamchukue. Hapana. Alikuwa anapima ardhi kiganja kimoja, anachoma udongo kwa chuma chembamba, kwa pembeni, anasikiliza, anasogea kiganja kingine. Ukitaka kujua hatua hamsini ni mbali kiasi gani, mwangalie mtu anazipita hivyo. Walikuwa hatua nne kutoka kwa Fulgensio wakati yule kijana aliinua mkono. Wote wakasimama. Bomu lilikuwa hapo, kwenye mstari wake hasa, pale ambapo angekanyaga kama angemaliza ule mluzi wake.

Walimzungushia njia. Jua lilikuwa linagusa mlima alipofika barabarani. Hakuweza kutembea, alibebwa. Eseza hakumkumbatia. Alimvua ndala, akaanza kumsugua vidole, kimoja kimoja, na hakuacha mpaka Gurei.

Kesho yake kawaja alikuja kwetu na kitabu chake. Sisi tulijitayarisha kutukanwa. Hakutukana, na ingekuwa afadhali. Alihesabu mawe ya uwanjani, akahesabu ya kwenye gunia, akahesabu tena. Arobaini na saba. Kitabu kilisema waliweka sitini na nne.

Fulgensio ndipo alikumbuka. Ijumaa ile wakipakia na dereva wa pikapu, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliwaona, akachukua mawe matatu ya kutengeneza jiko. Na Jumanne aliporudi, mengine mengi yalikuwa yameondoka. Watu walimwona yeye anachukua, wakaona yanachukulika.

Shamba walilizungushia utepe wiki hiyo. Utepe ulikaa siku tano. Ni kamba nzuri, inafunga mbuzi.

Fulgensio alirudishwa Masaka na basi la kwanza. Eseza alibaki. Mawe tuliyarudisha, wateja wakarudi, viti vinajaa kama kawaida. Lakini kila siku chakula cha mchana kikiisha, ananiachia sufuria, anavua aproni, anaenda. Anaingia uwanja kwa uwanja, Gurei yote, sasa amefika mpaka Lemon Gaba. Anapiga hodi, anasalimia, anauliza kama kuna jiwe la rangi. Wengine wanamcheka. Amepata sita. Mawili yalikuwa chini ya sufuria, yameungua yakawa meusi, aliyajua kwa kukwaruza na kisu. Moja lilikuwa linazuia mlango wa kanisa. Kila akilipata anauliza: ulilitoa upande gani, lini, nani mwingine alikuwepo. Halafu anampelekea kawaja, ajue mpaka wa mabomu ulikuwa umepita wapi.

Yamebaki kumi na moja. Sasa ni 2008, nyasi zinapanda tena, na akina mama wanaenda upande ule kukata za kuezeka. Tangu wakati huo tumesikia mlio mara mbili, mchana, watu wakila. Vijiko vyote vinasimama hewani. Mara ya kwanza ilikuwa ng'ombe. Ya pili, wiki iliyopita, bado hatujajua, na Eseza aliondoka na aproni yake bado mwilini.

Kwa hiyo leo nawaomba, na sitaki utani kwenye hii. Kama una jiwe la rangi nyekundu na nyeupe nyumbani, au uliliona kwa jirani, andika hapa chini lilitoka wapi na lilifikaje. Hakuna atakayekutukana, sisi tulikuwa nayo arobaini na saba. Kama ulipita shamba lile ukarudi, tuambie ulipita upande gani. Na kama kuna mtu wenu alipita na hakurudi, andika hiyo pia, hata jina tu. Eseza hajui kutumia mtandao. Mimi nitamsomea zote.